Kuchagua kisu kisichokunjwa cha porini na cha kujikinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu wa Nakuru, Kisumu au popote Magharibi mwa Kenya anayetaka kisu kimoja tu, cha kumfaa shambani, ziwani na msituni, na ambaye amewahi kujiuliza kama kisu hicho hicho kitamlinda usiku. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza urefu wa bapa na jina la chuma. Sisi tunaanzia nyuma, kwenye mpini, msuka na ala, kwa sababu huko ndiko visu hukatikia na huko ndiko watu hujikatia.

Kwa nini nisinunue kisu cha kukunja tu? Kinaingia mfukoni.

Kisu cha kukunja kina pini moja na kifungio kimoja, na nguvu zote za mkono hupitia hapo. Ukikitumia kuchonga kijiti au kupasua ukuni, kifungio hulegea, na siku kikiteleza bapa hujifunga juu ya vidole vyako. Mchanga wa ufukweni na magamba ya samaki pia huingia kwenye bawaba, na kuyatoa ni kazi. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo cha kulegea. Ukikiosha na kukipangusa, umemaliza. Ubaya wake ni kwamba ni kikubwa, kinaonekana, na lazima kiwe na ala nzuri.

Msuka ni nini, na kwa nini mnausema sana?

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Muuzaji hukuonyesha bapa linang'aa. Wewe geuza kisu utazame mpini.

Kuna misuka ya namna tatu. Wa kwanza ni msuka kamili: chuma kina upana ule ule wa mpini na kinafika hadi mwisho, na pande zote mbili kuna vipande vya mbao au plastiki vilivyobanwa kwa ribiti. Unauona kwa macho, mstari wa chuma ukizunguka mpini mzima. Wa pili ni msuka mwembamba unaopita katikati ya mpini hadi kitakoni, ambako hufungwa kwa nati au hugongwa ukasambaa. Kisu cha Ka-Bar kilichochukuliwa na wanamaji wa Marekani mwaka 1942 ni cha aina hii, na hakuna aliyekiita dhaifu. Wa tatu ni msuka mfupi, unaoingia sentimita chache tu kisha ukashikwa kwa gundi. Huo ndio ulio katika visu vingi vya bei ya chini vinavyopangwa chini sokoni.

Msuka mfupi hukatika pale bapa linapoingia kwenye mpini. Mara nyingi fundi huwa amekata pembe kali mahali hapo badala ya kuizungusha, na ufa huanzia kwenye ile pembe. Hata msuka kamili wenye pembe kali hupasuka. Tafuta mzunguko mdogo, kama wa ncha ya kalamu, pale msuka unapokutana na bapa. Kwenye kisu cha msuka kamili hilo utaliona.

Kwa haki, visu vya Mora vya Uswidi vina msuka usiofika mwisho, na vinadumu miaka. Sababu ni kwamba mpini wake wa plastiki umemiminwa moja kwa moja juu ya msuka, bila nafasi ya kucheza. Kwa kuchonga, kuparua samaki na kuchinja kuku vinatosha kabisa. Kwa kupigwa kwa gogo kila siku, chukua msuka kamili.

Na vile visu vyenye mpini wa bomba, ndani mna ndoana, uzi na dira?

Achana navyo. Mpini ukiwa tupu ndani, msuka haupo. Bapa limeshikwa kwa skrubu moja kwenye mdomo wa bomba. Ndoana na uzi vitie kwenye kikopo cha dawa, vitakaa vizuri zaidi.

Urefu gani wa bapa unafaa?

Sentimita 10 hadi 13. Chini ya 9 huwezi kupasua ukuni wa unene wa kifundo cha mkono. Juu ya 15 kisu kinaanza kuwa panga dogo: huwezi kumenya kiazi nacho, wala kuchonga ndoano ya mtego kwa utulivu. Mtu wa Kakamega au Nandi anayeishi na panga nyumbani hana haja ya kisu kirefu hata kidogo. Panga lifanye kazi ya panga, kisu kifanye kazi ya vidole.

Unene je?

Milimita 3 hadi 4 kwenye mgongo. Milimita 2.5 ni nzuri kwa samaki na chakula. Ukivuka 5, unabeba patasi: bapa linapasua nyanya badala ya kuikata. Watu hudhani unene ni nguvu, kumbe kisu kinene kisichokata hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Umbo gani la ncha, na je, meno ya msumeno mgongoni yanasaidia?

Ncha iliyo karibu na mstari wa katikati ya bapa, yenye tumbo kidogo, ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi. Ncha nyembamba kama sindano huvunjika ukitoboa mbao. Ile ya makali pande mbili, kama ya sime, iache kabisa kwa kazi za porini: huwezi kuweka kidole gumba mgongoni, huwezi kugonga mgongo kwa rungu, na askari yeyote akiiona ataichukua kuwa silaha.

Meno ya msumeno yaliyochongwa kwenye kisu hayakati mbao kama inavyodaiwa. Hayana mpinduko wa kulia na kushoto ulio kwenye msumeno halisi, kwa hiyo hukwama baada ya milimita chache. Badala yake taka mgongo ulionyooka wenye pembe ya mraba. Mgongo wa namna hiyo unakwangua magome kuwa unyuzi wa kuwashia moto, na unatoa cheche kwenye kijiti cha feroseri, kile cha kuwashia moto, bila kuharibu makali.

Chuma kipi? Nimeambiwa nichukue kisichoshika kutu.

Kuna makundi mawili, na kila moja lina mahali pake.

Chuma cha kaboni, kama 1095 chenye kaboni ya karibu asilimia 0.95, ni rahisi kunoa hata kwa jiwe la mtoni, kinashika makali vizuri, nacho hushika kutu usiku mmoja kikiachwa kibichi. Chuma kisichoshika kutu, kama 12C27 ya Uswidi au 440C, kina kromu asilimia 13 au zaidi, kwa hiyo kinavumilia matope, limau na damu ya samaki. 440C huchukua muda zaidi kwenye jiwe. Neno "kisichoshika kutu" lisikulaze: hata hicho hupata madoa kikikaa wiki nzima ndani ya ala yenye unyevu.

Kwa mtu wa ziwani anayeparua ngege na mbuta kila siku, tunasema chuma kisichoshika kutu bila kusita. Vivyo hivyo kwa anayeingia msitu wa Kakamega, ambako mvua hukosekana kwa miezi michache tu na hewa yenyewe ni maji. Kwa mtu wa Nakuru, Gilgil au Naivasha, kwenye ukavu wa Bonde la Ufa, chuma cha kaboni ni kizuri na ni cha kupendeza kukitunza.

Kuna D2 pia, ambayo wauzaji wa mtandaoni wanaisifia sana. Ina kaboni ya asilimia 1.5 na kromu karibu 12. Inashika makali muda mrefu, lakini kuinoa kwa jiwe la kawaida ni mateso, na ukiibana kwa pembeni inamegeka. Kama huna jiwe la almasi, usiichukue.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha porini kiwe kati ya 56 na 59. Kikiandikwa "440" bila herufi A, B au C, au "chuma cha upasuaji", chukulia kwamba muuzaji hajui au hataki kusema.

Muuzaji alitoa sumaku, ikakataa kushika, akasema hiyo ndiyo alama ya chuma bora. Ni kweli?

Ni kinyume. Chuma kisichoshika kutu kinachoweza kugumishwa kwa moto hushikwa na sumaku. Kile ambacho sumaku hukikataa kabisa kwa kawaida ni cha jamii ya vijiko na sufuria, na hicho hakigumishwi kwa moto. Makali yake hulala ukikata kamba mara mbili. Sumaku ikishika haithibitishi ubora, ila ikikataa, rudisha kisu mahali pake.

Naweza kumpa fundi wa jua kali anitengenezee kutoka springi ya gari?

Ndiyo, na kikifanywa sawasawa kitakuwa kisu bora kuliko vingi vya dukani. Magharibi hapa ufuaji haukuja jana. Wasamia walikuwa wakiyeyusha chuma na kuuza majembe yao hadi ng'ambo za mbali kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Mafundi wa Kibuye na wa Nakuru wana mkono. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua mbili za mwisho, kwa sababu mteja ana haraka. Kwa hiyo jua kazi yenyewe, uisimamie.

Chagua jani la springi lililo jembamba, milimita 6 hadi 7, la gari dogo au pikapu. Springi kuukuu huwa na nyufa zisizoonekana, hasa karibu na tundu la bolti ya katikati. Ligonge likiwa limening'inia: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti iliyokufa lina ufa. Kata kipande cha sentimita 25 mbali na lile tundu. Nondo ya ujenzi usiikubali hata ukiambiwa ni ya zamani. Kaboni yake haitabiriki, na nyingi haigumiki vya kutosha.

Fundi afue chuma kikiwa na rangi ya chungwa. Kikipoa hadi wekundu mzito kirudi motoni, maana kukigonga hapo ni kukipandia nyufa. Kikirusha cheche kama fataki kimeungua, na sehemu hiyo hukatwa ikatupwa.

Umbo likiisha, chuma kipashwe hadi sumaku isishike, kiachwe kipoe hewani, mara tatu. Hatua hii hulainisha chembe za chuma zilizokuwa kubwa kwa joto la kufuliwa. Kisha matundu ya ribiti yatobolewe sasa, kwa sababu baadaye keekee haitapita. Makali yaachwe na unene wa milimita 1 hivi. Yakiwa membamba kuliko hapo yatapinda au kupasuka wakati wa kuchovya.

Kutia matiko, yaani kugumisha, ndiko kugumu. Sumaku huacha kushika chuma kwenye joto la karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Pita hapo kidogo, hadi kama 830, bapa lote likiwa na rangi moja, kisha lichovywe wima, ncha kwanza, ndani ya lita 4 au zaidi za mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi uvuguvugu wa 50. Lipandishwe na kushushwa. Likitikiswa kushoto na kulia litapinda. Fundi akitaka kutumia maji, mkatalie. Chuma cha springi kwenye maji hutoa sauti ndogo ya "tik", na huo ni ufa. Mafuta machafu ya injini pia tunayakataa, kwa ajili ya mapafu ya fundi.

Baada ya hapo chuma ni kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kinanolewa na kukabidhiwa hivyo hivyo. Kinapaswa kupashwa tena kwa joto la 200 hadi 220, saa mbili, mara mbili, kikipoa katikati. Oveni ya mwoka keki mtaani inafaa kabisa. Ukikisugua kwa msasa kabla ya kukiingiza, utaona rangi ya majani makavu ikitanda juu ya chuma. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka kwenye makali. Ikifika buluu, makali yamelegea na kazi inaanza upya kwenye kuchovya.

Nitajuaje kama kisu kimetiwa matiko vizuri?

Chukua tupa mpya, ndogo, uipitishe polepole kwenye makali karibu na mpini. Kabla ya kupashwa mara ya pili tupa inapaswa kuteleza kama juu ya kioo. Baada ya kupashwa itashika kidogo sana. Ikila chuma kama inavyokula msumari, kisu ni laini. Kisha bonyeza makali kwa upole juu ya fimbo ya shaba ukikiinamisha kwa pembe ile ile ya kunolea: makali yapinde kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimegeka hayakupashwa mara ya pili.

Mpini gani unafaa?

Urefu wa sentimita 11 hadi 12 kwa mkono wa mtu mzima, vidole vyote vinne vikae bila kidole cha mwisho kuning'inia. Sura yake iwe ya yai ukiutazama kitakoni, si ya duara. Ukiwa duara kisu huzunguka mkononi na gizani hujui makali yametazama wapi. Kabla ya bapa kuwe na kizuizi au kituta cha kusimamisha kidole. Visu vya jikoni havina, na mtu anayetoboa kitu kwa kisu cha jikoni huku mkono umelowa huteleza moja kwa moja hadi kwenye makali. Jeraha hilo hukata kano za vidole, na kano hazijiungi zenyewe.

Mbao: mzeituni mwitu wa Bonde la Ufa ni bora sana, mvule pia. Mkaratusi mbichi hupasuka ukikauka. Ziwe kavu, zipakwe gundi ya epoksi ya mirija miwili, zibanwe kwa ribiti mbili au tatu za milimita 5, kisha ziachwe saa 24. Mpini ulio laini sana na unaong'aa kwa vanishi unapendeza dukani, lakini mkono ukiwa na mafuta ya samaki hauushiki. Msasa namba 220 unatosha.

Ala inaleta tofauti gani?

Ala mbovu imejeruhi watu wengi kuliko kisu kibovu. Jaribu hivi ukiwa dukani: ingiza kisu, pindua ala juu chini juu ya meza, itikise mara tano. Kisu kikianguka, acha. Kisha kishike kwa mkono mmoja ukichomoe. Kama inabidi ushike upande wa makali ya ala ili utoe, siku moja makali yatatoka kupitia mshono.

Ala ya plastiki ngumu haifyonzi maji na ina tundu chini la kumwagia. Ya ngozi ni kimya na inapendeza, lakini hunywa maji na kuyaweka karibu na chuma. Kwa ziwani na Kakamega chukua ya plastiki. Ukiwa na ya ngozi, kisu kilale nje ya ala nyumbani. Ala ya kitambaa tupu bila kigumu ndani si ala.

Nanoaje mwenyewe?

Huhitaji mashine. Jiwe la kunolea lenye pande mbili, 400 na 1000, au msasa wa maji wa namba hizo uliobandikwa juu ya kipande cha kioo, unatosha.

Swali kubwa ni pembe. Kwa kazi mchanganyiko tunataka digrii 20 kila upande. Hupimi kwa macho. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo, ugawanye kwa tatu. Huo ndio urefu ambao mgongo unapaswa kuinuka juu ya jiwe. Bapa la milimita 24 linainuka milimita 8, kama unene wa penseli na kidogo zaidi. Weka sarafu kadhaa chini ya mgongo uone ilivyo, kisha zitoe na ushike pembe hiyo. Kisu cha Mora ni tofauti: kina uso mpana ulioinama kuelekea makali, nao unaulaza wote juu ya jiwe bila kukisia.

Lowesha jiwe. Sukuma bapa mbele kama unayetaka kumenya jiwe ngozi, kutoka mpinini hadi nchani, upande mmoja tu, mpaka uhisi kwa dole gumba, upande wa pili, ukingo mwembamba unaokwaruza urefu wote wa makali. Usihesabu viharusi, huo ukingo ndio hesabu. Watu wengi huacha kabla haujatokea, ndiyo maana hunoa nusu saa na kisu kikabaki butu. Geuza, fanya upande wa pili mpaka ukingo urudi. Hamia 1000, rudia kwa mkono mwepesi. Mwisho vuta bapa kinyumenyume kwenye mshipi wa ngozi, mara 20 kila upande. Nyanya mbivu ikatike kwa uzito wa kisu peke yake.

Yule mnoaji wa baiskeli anayepita mtaani ni salama?

Kwa visu vya jikoni na makasi, ndiyo, na bei yake ni ya haki. Kwa kisu kizuri mwombe achovye majini kila baada ya mipito miwili na ukae hapo uangalie. Makali yakigeuka buluu hata kwa sekunde moja, matiko ya sehemu hiyo yametoka. Grainda ya umeme ni mbaya zaidi.

Kutu nizuieje?

Osha, kausha, paka tone moja la mafuta ya cherehani, pangusa hadi ionekane kama hakuna kitu. Kwa kisu kinachogusa chakula tumia mafuta ya nazi kidogo, uyabadilishe mara kwa mara. Ukikata vitunguu na limau kwa chuma cha kaboni kitakuwa kijivu-buluu. Rangi hiyo ni kinga, iache. Nyekundu ndiyo kutu, nayo inatoka kwa msasa 1000 na mafuta.

Naweza kupasua kuni kwa kisu?

Kwa msuka kamili, ndiyo, na msituni penye mvua ni kazi muhimu kuliko zote, kwa kuwa ukuni uliolowa nje huwa mkavu katikati. Chagua kipande kinyofu kisicho na fundo, unene usiozidi sentimita 7 kwa bapa la 11, ili ncha itokeze upande wa pili. Simamisha ukuni juu ya gogo, weka makali juu, gonga mgongo kwa rungu la mti, kamwe si jiwe wala nyundo. Kisha gonga ile ncha iliyotokeza, mpini ukiwa sawa na ardhi. Ukigonga ncha ukiwa umeinamisha mpini, ndipo bapa hukatika. Mkaratusi mkavu una nyuzi zilizosokotana; upasulie pembeni, vipande vyembamba, usianze katikati.

Je, kisu hiki kitanilinda nikivamiwa?

Tunajibu swali hili kwa uzito kwa sababu wanaouliza wengi ni watu wanaotembea usiku, wahudumu wa boda boda, walinzi, akina mama wanaofungua vibanda alfajiri. Hofu yao ni ya kweli. Lakini hatumshauri mtu yeyote kununua kisu kwa ajili hiyo.

Kisu kinafanya kazi pale tu ambapo mwenzako naye anakufikia. Kwa umbali huo hakuna anayetoka mzima, na aliye na jeraha hasimami papo hapo. Anaendelea kukupiga kwa dakika nzima. Wavamizi huja wawili au watatu, na huja mkono wako ukiwa umeshika simu, si kisu. Kisu kilicho kwenye ala chini ya koti hukuchukua sekunde kadhaa kukitoa, na kikitoka kinaweza kunyang'anywa. Aliyetaka simu tu, akiona kisu, anapigania uhai wake.

Vinavyosaidia ni vya kawaida. Tochi yenye mwanga mkali mkononi, si mfukoni. Filimbi. Simu uitoe bila ubishi, kimbia kuelekea penye watu, piga nduru. Nyumbani, komeo mbili za ndani, taa ya nje, mbwa, na namba za majirani wa Nyumba Kumi kwenye simu ya kila aliye ndani. Polisi ni 999 au 112. Mtu akikushika na huna njia, tumia chochote kilicho mkononi ili uachiwe, kisha ukimbie. Lengo ni kuondoka.

Sheria inasemaje nikibeba kisu Kenya?

Kumiliki kisu cha kazi si kosa. Mazingira ndiyo yanayokihukumu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308, inamshika mtu anayekutwa na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na kifungu cha 89 kinagusa silaha zinazobebwa kwa namna ya kuvuruga amani. Kisu kiunoni saa nne usiku stendi ya matatu, na jibu lako ni "cha kujikinga", ni jibu baya sana kumpa askari. Kisu kile kile ndani ya mkoba, pamoja na nyavu au vifaa vya kupiga kambi, kina maelezo yake.

Kujitetea kunahukumiwa chini ya kifungu cha 17, ambacho kinafuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza: nguvu uliyotumia ilingane na hatari iliyokuwepo. Mwizi akishageuka na kukimbia, hatari imeondoka, na ukimfuata huo si utetezi tena.

Ukisafiri, kifunge ndani ya mzigo, chini kabisa. Uwanja wa ndege wa Kisumu, kiende kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kwenye lango la Hifadhi ya Ziwa Nakuru mwambie askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) mapema kwamba unacho.

Nimejikata. Nifanye nini?

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 kamili kwa saa, bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakong'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu, usitoe cha kwanza. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na kubonyeza hakusaidii, funga kitambaa kipana, si juu ya kidonda chenyewe bali sentimita 5 hadi 7 kutoka kidondani kuelekea kiwiliwili, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti hadi damu ikome, andika saa, nenda hospitali. Msalaba Mwekundu ni 1199. Usipoweza kukunja kidole baada ya kukatwa, kano imeguswa, na huo si mjadala wa bandeji. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Nikiumwa na nyoka nichanje kwa kisu?

Hapana, kamwe. Kuchanja hakutoi sumu; kunaongeza damu na uchafu. Usinyonye wala usifunge kwa kukaza. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, laza mtu, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali, abebwe badala ya kutembea.

Ncha imevunjika. Kisu kimekwisha?

Hapana. Iwapo kilichopotea ni milimita 5 au chini, usiguse makali. Saga upande wa mgongo, ukiushusha taratibu kuja kukutana na makali mpaka ncha mpya ijitokeze. Fanya kwa jiwe, si grainda, na uchovye majini kila mara kisu kinapoanza kuwa cha moto kwa vidole. Vidole vyako vitakuambia mapema kuliko rangi. Kwa tupa chuma kigumu kitakataa, hivyo tumia jiwe la 200 na subira ya saa moja. Ncha mpya itakuwa fupi na pana kidogo kuliko ya mwanzo, na kwa kazi za mbao itakuwa imara zaidi.